Nane, Toa Moja, Jumlisha Moja

Chai ilikuwa bado ya moto kikombeni nyuma yake, na Ntandu alikwisha vuka mto. Ndivyo alivyokuwa. Watu wa pale alipotoka walikuwa wema. Walimpa chumba chenye dirisha, wakamwambia akae hadi mvua ziishe. Wema huo ndio uliomtoa. Kila alipoambiwa kaa, nyayo zilianza kumwasha. Ujanani aliambiwa kwamba kuwashwa huko kutakoma akioa, baadaye akaambiwa kutakoma akizeeka. Alioa, akazeeka, na bado alikuwa njiani, mfuko begani na kofia ya ukindu kichwani, akienda kwa mwendo wa mtu aliyechelewa mahali ambapo hakuna anayemngoja.

Hata shule aliisoma hivyo hivyo, vipande vipande. Darasa la kwanza alilisomea kwao, la tatu kwa mjomba wake, la tano kwenye shule iliyokuwa kando ya reli. La pili na la nne hakuyaona kabisa. Kwa hiyo alijua mambo mengi kwa nusu, na nusu nyingine alizoea kuikisia.

Namna alivyofika nchi ya Mfuatano haina haja ya kusimuliwa. Alifika asubuhi, akakuta lango lisilokuwa na mlango. Lilikuwa kuta mbili zilizopinda, moja huku na moja kule, zikitazamana kama viganja vya mtu anayetaka kuteka maji. Kati ya kuta hizo alisimama mlinzi, mwanamume mwenye chaki sikioni.

"Mabano?" mlinzi akamuuliza.

Ntandu akamtazama.

"Unatakiwa ujibu 'kwanza'," mlinzi akasema kwa upole. "Na ukiulizwa 'kutoa?' unajibu 'mwisho'. Ndiyo salamu yetu. Haya. Mabano?"

"Kwanza."

"Kutoa?"

"Mwisho."

"Umekwisha kuwa mwenyeji. Kisima cha mjini kimepungukiwa na mtu leo, utajumlishwa huko."

"Mimi mpita njia tu, ndugu yangu. Nataka kutokea upande wa pili."

"Kutoka ni kutolewa," mlinzi akasema, "na kutolewa ni mwisho. Twende."

Njia ya kwenda mjini ilikuwa ndefu kiasi, na mlinzi alikuwa msemaji, kwa hiyo Ntandu aliijua nchi hiyo kabla hajaiona sawasawa. Sheria yao ilikuwa moja. Waliachiwa na mzee wao wa kwanza, aliyeitwa Magazijuto, na sanamu yake ilisimama katikati ya mji ikiwa imenyoosha vidole vitano. Kidole gumba ni mabano, cha shahada ni kugawanya, cha kati ni kuzidisha, cha pete ni kujumlisha, na kidole kidogo ni kutoa. Kila jambo la nchi lilifanywa kwa kufuata vidole hivyo, na hapana aliyethubutu kuanza na kidole kidogo.

Ntandu aliposikia jina hilo aligeuza kichwa. Alilifahamu. Lakini mlinzi alikuwa anaendelea, akamwacha aendelee.

Kwa kuwa kilichomo ndani ya mabano hushughulikiwa kabla ya kila kitu, wakubwa wote wa nchi walikuwa wamejijengea mabano. Ntandu aliyaona njiani: nyumba nzuri nzuri, kila moja kati ya kuta mbili zilizopinda, na nyumba ya waziri ikiwa na mabano ndani ya mabano ndani ya mabano, hata paa lake halikuonekana. Daktari alianzia huko. Maji yalianzia huko. Wasiokuwa na mabano walikaa nje, wakisubiri kazi ya ndani iishe, na kazi ya ndani ilikuwa na tabia ya kutoisha.

"Na hao wa nje hawalalamiki?" Ntandu akauliza.

"Wanalalamika. Lakini kutoa malalamiko," mlinzi akasema, "ni kutoa."

Hapo ndipo Ntandu alipoelewa kwa nini mji ulinuka. Takataka hazikutolewa. Zilikaa vichochoroni, zimegawanywa vizuri, za maganda huku na za majivu kule, zikiongezeka. Mtu mwenye jino bovu alikwenda nalo hivyo hivyo, shavu limevimba, akisubiri zamu ya kidole kidogo. Katika ofisi, watumishi walianza siku kwa kujifungia chumbani, kisha wakawagawanya watu kwa makabila na mitaa, kisha wakayazidisha mambo, kisha wakajumlisha yaliyozidishwa, na saa ya kutoa ilipokaribia, jua lilikuwa limeshuka na ofisi imefungwa. Kibali hakikutolewa, nafasi haikutolewa, jibu halikutolewa. "Hatukatai kutoa," walisema, na walisema kweli. "Ila kutoa ni mwisho."

Upinzani ulikuwepo. Uliitwa Wafululizo, nao walishikilia kwamba mambo hufanywa kwa jinsi yalivyoandikwa, kutoka kushoto kwenda kulia, lililotangulia litangulie. Ntandu angewapenda kama asingesikia habari za harusi yao. Waliandikiwa kwamba wangekuja wageni wawili, na tena familia tatu, kila familia watu wanne. Hao ni kumi na wanne. Wafululizo wakajumlisha mbili na tatu, wakapata tano, wakazidisha kwa nne, wakapikia watu ishirini. Chakula kilichobaki waliwalazimisha wageni wakile, ili hesabu isiumbuke, na bwana harusi akalazwa kwa tumbo.

Ntandu alitamani kugeuka arudi. Nyayo zilikuwa zinamwasha tayari, na hata saa ya kukaribishwa maji ya kunywa ilikuwa haijafika.

Kisima kilikuwa uwanjani, hatua chache kutoka miguu ya sanamu. Kilikuwa bado kinachimbwa. Asubuhi hiyo udongo wa ukuta mmoja uliporomoka na kumfunika mchimbaji hadi kiunoni, chini kabisa, mahali maji yalikuwa yameanza kuchuruzika. Mchimbaji aliitwa Mbaruku. Wenzake saba walikuwa juu, wameshika kamba, wanafunga fundo. Pembeni palisimama ubao mkubwa, maana katika nchi hiyo hakuna tukio lililoshughulikiwa kabla ya kuandikwa kama hesabu na hesabu kupata jibu mbele ya watu. Ubaoni palikuwa pameandikwa nane, toa moja. Jibu lilikuwa saba. Hapakuwa na mtu wa kulibishia. Kwa kuwa hapakuwa na kujumlisha wala kuzidisha wala mabano, hata kidole kidogo kilikuwa kimepata zamu yake mapema, na kamba ilikuwa karibu kushuka.

Mlinzi akachomoa chaki sikioni. Akaandika mbele ya hesabu ile: jumlisha moja.

"Huyu hapa," akasema, akimsukuma Ntandu mbele.

Mikono ya wale saba ikasimama juu ya kamba.

Mpangaji Mkuu wa nchi, Bwana Selengia, alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya sanamu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na kanzu yake ilikuwa safi kuliko kitu chochote mjini. Akasimama, akasoma ubao, akaufumba mkono wake na kuufungua kidole kimoja kimoja.

"Nane, toa moja, jumlisha moja," akasema. "Mabano hakuna. Kugawanya hakuna. Kuzidisha hakuna. Kujumlisha kupo. Moja na moja ni mbili. Sasa kutoa. Nane toa mbili. Ni sita."

"Ni nane," ikasema sauti kutoka upande wa pili wa uwanja. Ilikuwa ya Bi Mastura, kiongozi wa Wafululizo, mama wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba. "Nane toa moja ni saba. Saba jumlisha moja ni nane. Hata mbuzi wangu anaiona."

"Mbuzi wako hana vidole," Bwana Selengia akasema.

Watu wakacheka, kisha wakaanza kusogea, wengine kwenda upande huu, wengine upande ule, kama maji yanavyojigawa kwenye jiwe. Muda si muda uwanja ulikuwa na makundi mawili, na katikati ukabaki ubao, kisima, wale saba na kamba yao, Ntandu, na mwanamke mmoja aliyelala kifudifudi ukingoni mwa shimo, kichwa kimeinama ndani. Huyo alikuwa Sikudhani, mke wa Mbaruku.

Ntandu akamwendea Mpangaji Mkuu. "Mzee mwenzangu," akasema, "kuna mtu chini. Si mumtoe kwanza, kisha mhesabu?"

"Ungekuwa na subira ungeona ugumu wenyewe. Jibu ni sita. Tulikuwa wanane. Kwa hiyo wamepotea wawili. Mmoja tunamjua, ni Mbaruku. Wa pili ni nani, na yuko wapi? Tukimtoa Mbaruku peke yake tutakuwa tumeacha mtu mwingine apotee huku tunajua. Mimi sitaibeba roho ya mtu." Naye alisema hivyo kwa huzuni halisi, kisha akatuma watu wakamtafute mtu wa pili kwenye maghala, kwenye mashamba na chini ya vitanda.

Ntandu akavuka kwenda kwa Bi Mastura. Sikudhani alikuwa amekwisha fika hapo, matope kifuani.

"Mama, wewe unasema nane," Sikudhani alikuwa anasema. "Basi waambie wenye kamba waishushe."

"Nimesema nane, mwanangu, na nane ndiyo idadi kamili. Aliyetoka ametoka, aliyeingia ameingia. Hakuna pengo. Sasa tukimtoa mtu mwingine kisimani tutakuwa na tisa, na tisa haiko ubaoni."

"Mume wangu yumo mle."

"Sikatai kuwa yumo," Bi Mastura akasema. "Nasema hapungui."

Sikudhani akamtazama kitambo, kama mtu anayetazama nguo akitafuta mahali ilipochanika, kisha akarudi kisimani, akalala tena kifudifudi.

"Wanasemaje huko juu?" Sauti ya Mbaruku ilipanda kutoka chini, hafifu, yenye mwangwi.

"Wengine wanasema sita, wengine nane."

"Na mimi nimo kwenye ipi?"

"Kwenye sita haumo. Kwenye nane yupo mgeni badala yako."

"Mgeni gani?"

"Mzee mmoja mwenye kofia."

"Mwambie jembe langu mpini umelegea. Asije akajikata."

"Maji yamefika wapi?"

"Yamefika kitovuni. Ni ya baridi, lakini ni matamu. Tumepata kisima kizuri, Siku."

Ntandu aliyasikia hayo yote. Akaona jinsi mambo yalivyopangika: kabla hajafika yeye, mtu huyu alikuwa anatolewa. Yeye ndiye jumlisha moja. Wala hakuitwa, wala hakuomba, alikuwa anapita. Akafikiri kwamba dawa iko kwenye miguu yake, mahali ilipokuwa siku zote.

"Mimi nakwenda zangu," akamwambia Bwana Selengia. "Nikiondoka inabaki nane toa moja, kama mwanzo. Mshushe kamba."

"Ukiondoka hatufuti. Hapa hatufuti. Tutaandika mbele yake: toa moja." Bwana Selengia akafungua vidole. "Nane, toa moja, jumlisha moja, toa moja. Kujumlisha kwanza: mbili. Nane toa mbili, sita. Toa moja, tano. Watakuwa wamepotea watatu. Tutawatafuta wawili badala ya mmoja."

"Itakuwa saba," Bi Mastura akasema kwa mbali, "na itataka kikao kipya."

Kwa hiyo Ntandu akabaki. Akazunguka kisima. Akazunguka ubao. Akazunguka sanamu. Watu walikuwa sasa wanagombana kwa nguvu, baba na mwanawe, mke na mume, jirani na jirani; mwanamke mmoja alimrudishia mwenzake ungo aliokuwa amemwazima, akisema hawezi kukaa na ungo wa mtu anayesema sita. Wengine walikuwa wanachora hesabu chini kwa vijiti, na waliochora walikuwa wanakanyagiwa. Hapana hata mmoja aliyekuwa anatazama shimoni. Na hao hawakuwa watu wabaya. Asubuhi hiyo hiyo saba kati yao walikuwa wameshika kamba.

Mwishowe Ntandu hakuweza kujizuia. "Magazijuto si mtu," akasema.

Waliokuwa karibu wakageuka.

"Ni neno la shule. Nilifundishwa darasa la tano. MA ni mabano, GA ni gawanya, ZI ni zidisha, JU ni jumlisha, TO ni toa. Limeunganishwa ili watoto wasisahau. Na mwalimu alisema kuna jambo kuhusu hizo mbili za mwisho, jumlisha na toa. Alisema hizo mbili..." Akakwama.

"Hizo mbili nini?" Bi Mastura akauliza, miwani mkononi.

Ntandu alijaribu kukumbuka. Aliuona ubao, akaiona mikono ya mwalimu yenye vumbi la chaki, akasikia honi ya treni, na baada ya honi hapakuwa na kitu. Alikuwa amepanda treni hiyo. Sentensi ya mwalimu ilimalizikia kwenye masikio ya watoto wengine.

"Sikukaa hadi mwisho wa somo," akasema.

Watu wakaangua kicheko, pande zote mbili, na hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza walilolifanya pamoja tangu asubuhi.

Bwana Selengia hakucheka. "Jina lako nani?"

"Ntandu."

"Ntandu ni neno?"

"Kwetu ni neno, ndiyo."

"Na wewe upo?"

"Nipo."

"Basi na yeye yupo," Bwana Selengia akasema, akaiinamia sanamu, akaketi.

Ntandu akawaacha. Akaenda kuchutama kando ya kisima, karibu na Sikudhani. Chini maji yalisikika yakicheza kwenye kitu. Mbaruku alikuwa ameacha kutania. Mkewe alimwita, naye akaitika kwa kuchelewa, na safari ya pili akachelewa zaidi.

Sikudhani akainuka. Hakufuta matope. Akaenda moja kwa moja mbele ya kiti cha Mpangaji Mkuu.

"Mabano?" akasema.

Bwana Selengia alishtuka kusalimiwa saa hiyo, lakini salamu ni salamu. "Kwanza."

"Yaliyomo ndani ya mabano yakiwa ni kutoa?"

"Hufanywa kwanza. Ndani ya mabano hata kutoa ni kwanza."

"Mabano ni nini?"

"Ni kuta mbili zilizopinda, zinazotazamana."

"Za udongo?"

"Za udongo, za mawe. Wenye uwezo hutia na chokaa."

"Sheria imesema ni za udongo?"

Bwana Selengia akageuka. Akaitazama sanamu, kidole gumba. "Imesema mabano," akasema polepole. "Haikusema ya nini."

Sikudhani akageukia umati. Hakupaza sauti sana. "Simameni mnikingie kisima," akasema. "Wa sita upande huu, wa nane upande ule. Shikaneni mikono, mjipinde. Sitaki mkubaliane. Nataka msimame tu."

Palikuwa na kusitasita. Kisha yule mwanamke aliyerudisha ungo akasogea, akasimama kulia mwa kisima, akanyoosha mkono wake hewani bila kumtazama mtu. Mwingine akaushika. Upande wa kushoto Bi Mastura alifikiri kidogo. Akasema kwamba hesabu ikiwa na mabano hapo, kile cha kushoto ndicho kitakachoanza kufanywa, kwa hiyo Wafululizo hawatakuwa wameshindwa. Akavua viatu, cha kushoto kwanza, akaingia kwenye mstari. Wa Magazijuto nao wakasema kwamba mabano ni kidole gumba, kwa hiyo hata wao hawajashindwa. Hivyo wakasimama, kila upande ukiamini umeupindisha upande wa pili.

Bwana Selengia alizunguka akiwakagua, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kosa na hamtakii mtu mabaya. "Mabano yakikatika," akasema, "hesabu itabaki uchi kama ilivyokuwa. Na mabano lazima yalingane. Upande wa kushoto umepungua mtu mmoja."

Macho yote yakamwangukia Ntandu.

"Huyo hawezi," mlinzi wa lango akasema. "Huyo ni jumlisha moja. Yuko nje."

"Akiwa bano hahesabiwi," Bwana Selengia akasema, baada ya kufikiri. "Anakuwa alama tu. Anaweza, kama hatasogea."

Ntandu alisimama mwisho wa mstari wa kushoto, mkono wake umeshikwa na jibaba moja la Kifululizo lenye vidole kama mihogo. Ndani, wale saba wakaanza. Haikuwa kushusha kamba tu. Udongo ulikuwa umemfunga Mbaruku, ilibidi mmoja ashuke, azibue, ajaze ndoo, ndoo itolewe, irudi. Ndoo moja, nyingine, nyingine. Jua lilipanda likawakalia utosini.

Ntandu hakuwahi kusimama mahali pamoja hivyo tangu utoto. Mwanzoni ilikuwa nyayo tu. Kisha mwasho ukapanda kwenye vifundo, magoti, mapaja, kama siafu wamemwingia ndani ya ngozi. Alitazama mbele, na mbele, kati ya vichwa vya watu, aliiona barabara ikitoka mjini kuelekea upande wa pili aliokuwa anautaka. Hakuna aliyeilinda. Mlinzi mwenyewe alikuwa bano.

"Mzee, unatetemeka kama ngozi ya ngoma," jibaba likasema.

"Sijazoea kusimama."

"Mimi sijazoea kusimama na mjinga. Tumevumiliana."

Mguu wake wa kushoto uliinuka wenyewe. Aliuona ukiinuka, kama mguu wa mtu mwingine. Jibaba naye aliuona. Akaukanyaga kwa wayo wake mkubwa, akaubandika chini, akaendelea kuukanyaga.

"Asante," Ntandu akasema.

Shimoni udongo ukaporomoka tena. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayeweka gunia chini, lakini kila mtu uwanjani aliisikia, na pande zote mbili za mabano zikajongea ndani kwa hatua, kisha zikakumbuka na kusimama. Sikudhani aliita jina la mumewe. Hakujibiwa. Akaita tena. Aliyekuwa ameshuka akapiga kelele kutoka chini: "Vuteni." Wale sita wakavuta. Kamba ikakwama. Wakavuta, ikakwama. Ntandu aliuona mgongo wa mvutaji wa mbele ukipinda karibu kukatika, na hatua nne tu zilimtenga naye, na mikono yake miwili ilikuwa na nguvu bado. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kwenda. Akafumba macho, akaubana mkono wa yule jirani mpaka jirani akaguna, akasimama.

Kamba ikaachia. Mbaruku akaja juu mgongo ukitangulia, mweupe kwa udongo, mguu mmoja umeelekea upande usio wake. Sikudhani akamfungua kinywa kwa vidole, akatoa tope. Akampiga mgongoni. Akampiga tena kwa hasira. Mbaruku akakohoa, akatapika maji, akavuta pumzi yenye mlio wa kitu kinachochanika.

"Ametolewa," Sikudhani akasema.

Mabano hayakuachana mara moja. Watu walisimama mikono imeshikana, wakitazama. Kisha mtu wa upande wa kulia akauliza, kwa sauti ya kutaka kujua tu, sasa wako wangapi. Mtu wa upande wa kushoto akamjibu. Mikono ikaachana.

Mbaruku alipona, ila mguu wake ulishikamana vibaya na hakuchimba tena visima. Anasuka kamba, na kamba zake zinasifiwa. Sikudhani alimzalia mtoto wa kike mwaka uliofuata. Yeye hasalimii tena kwa salamu ya nchi ile; husema habari za asubuhi, na watu wamemzoea. Aliyeshuka kumzibua Mbaruku alitolewa naye kabla mabano hayajaachana, na hakuna aliyemwandika ubaoni.

Bwana Selengia alitoa amri kwamba mabano ya watu yasijengwe bila kibali. Kibali kinaombwa ofisini kwa Mpangaji Mkuu na hutolewa mwisho wa kazi. Hajapatikana aliyekipata. Yeye mwenyewe alifariki akiwa na jino bovu. Bi Mastura alichaguliwa kushika nafasi yake, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kujijengea mabano. Jibaba aliyemkanyaga Ntandu alihamia kwa ndugu zake mtaa wa pili, kwa sababu ya ugomvi juu ya tisa.

Waliotumwa kumtafuta mtu wa pili hawakumpata, nao hawajarudishwa; inasemekana wanaendelea. Kisima kilitoa maji matamu kwa msimu mmoja, kisha kikazungushiwa kuta.

Ntandu aliondoka siku ile ile, akichechemea, kupitia barabara aliyokuwa akiitazama. Hakuaga, wala hakuna aliyemzuia. Kwa kuwa hakutolewa, katika nchi ya Mfuatano angali anahesabiwa, na kwenye mgawo wa chumvi fungu lake huwekwa pembeni. Yeye mwenyewe alipita nchi nyingine tatu kabla uvimbe wa mguu haujaisha.